Swali Kabla ya Spana

Mwaka juzi, kodi ya nyumba yangu kule Githurai ililipwa na theluji ya Minnesota. Sijawahi kufika huko. Theluji yenyewe nimeiona mara moja tu, tena kwa mbali, nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Nanyuki asubuhi moja mawingu yalipoachana na Mlima Kenya ukajitokeza na weupe wake kileleni. Lakini nilikuwa na mteja Marekani, muuzaji wa vipuri vya pikipiki za theluji, na alitaka mwongozo wa kuwapa wanunuzi wake.

Kazi ilikuja kama zinavyokuja zote: kichwa, idadi ya maneno, tarehe ya mwisho, malipo. Jinsi ya kurekebisha gia na klachi ili pikipiki ya theluji ipate kasi ya juu zaidi. Maneno 1,500, dola 15. Jina la mwandishi halingekuwa langu. Lingekuwa la fundi wa kubuni ambaye, kwa mujibu wa maelezo yaliyo chini ya picha yake, amefungua klachi kwa miaka 20. Mimi nilikuwa na miaka 24. Nikasema poa, nikaanza kusoma.

Kama hujawahi kukiona chombo hiki, mbele kina skii mbili za kukiongoza, na chini kina utepe mpana wa mpira wenye meno unaozunguka, ukichimba theluji na kukisukuma. Unakikalia kama boda. Hakina gia za kubadilisha kwa mguu. Kina klachi mbili zilizounganishwa kwa mkanda, na klachi hizo ndizo zinazobadilisha gia zenyewe, polepole, bila wewe kugusa kitu.

Nilisoma vitabu vya mafundi na kutazama video hadi bando ikaisha. Lakini kuelewa, nilielewa kwa fundi wa boda aliye hapo stage karibu na kwangu. Nilimwonyesha picha za klachi kwenye simu. Akafuta mikono, akaangalia, akacheka.

“Hii si ni kama ya skuta tu, kijana. Imenenepa.”

Akanieleza. Klachi ya mbele imeshikana na injini. Ina sahani mbili zilizoinama, na mkanda umekaa katikati yake. Ndani kuna vizito vidogo vya chuma. Injini ikizunguka haraka, vizito vinarushwa nje, vinasukuma sahani moja iikaribie nyingine, na mkanda unabanwa mpaka unapanda juu. Springi inapinga, ili mambo yasiende haraka kupita kiasi. Klachi ya nyuma inafanya kinyume: sahani zake zinafunguka, mkanda unazama. Huko nyuma kuna springi nyingine na kipande chenye msokoto kinachohisi mzigo. Ukipanda mlima, kinaurudisha mkanda kwenye gia nyepesi. Baada ya hapo kuna cheni na sproketi mbili, ya juu na ya chini, kama za boda, ila zimefungiwa ndani ya sanduku lenye oili.

Sasa, mtu anayetaka kasi ya juu hufanya nini? Anaongeza meno kwenye sproketi ya juu au anapunguza ya chini. Tuseme juu kuna meno 22 na chini 40. Ukiweka 23 juu, kwa kila mzunguko wa injini utepe unasafiri mbali zaidi kwa karibu asilimia 4.5. Kwenye karatasi, umepata kasi. Jino moja tu, na mambo yamebadilika.

Karatasi haina upepo, lakini. Nguvu inayohitajika kupasua hewa haipandi sambamba na kasi. Inapanda kwa kasi iliyozidishwa mara tatu yenyewe kwa yenyewe. Kama upepo pekee ndio mpinzani wako, hiyo asilimia 4.5 inadai nguvu zaidi kwa asilimia 14 hivi. Ukitaka asilimia 10 ya kasi, tafuta theluthi nzima ya nguvu ya ziada. Na sproketi haitengenezi nguvu. Hakuna hata farasi mmoja aliyeongezwa kwenye injini kwa sababu umebadilisha jino. Umehamisha tu: umechukua kutoka kwenye kuanza, kwenye kupanda, kwenye kubeba, ukapeleka kwenye kukimbia tambarare.

Tena kuna mtego. Ukiweka gia ndefu kuliko uwezo wa injini, mkanda haufiki juu ya klachi. Unakwama katikati, injini inazama chini ya kilele chake cha nguvu, ambacho kwa injini nyingi za mipigo miwili kiko kwenye mizunguko 8,000 hivi kwa dakika. Hapo unapoteza mwanzo na mwisho pia. Chombo kinaondoka kikilalamika, na kasi ya juu uliyoitafuta inakuwa ndogo kuliko ile uliyokuwa nayo. Mafundi wana njia rahisi ya kukagua: wanachora mistari ya kalamu ya wino kwenye sahani ya klachi, kutoka katikati hadi ukingoni, kisha wanaendesha. Mkanda unafuta wino pale ulipopita. Ukifungua, unaona ulifika wapi. Sehemu ya mstari iliyobaki ni safari ambayo haikufanyika.

Siku hiyohiyo, nikiwa bado nimekalia jeri kwa fundi, alikuja kijana mmoja wa boda. Alitaka sproketi kubwa ya mbele.

“Nataka iende, fundi. Iende kabisa.”

“Itaenda,” fundi akasema, na hakushika spana. “Lakini niambie kwanza. Unaendesha wapi?”

Ikatokea kwamba kijana anabeba maji, mitungi ya lita 20, na magunia ya makaa, na njia yake ina mlima unaofanya hata wanaotembea kwa miguu wapumzike katikati. Fundi akatikisa kichwa. “Nikikuwekea hii, utafika pale ushuke usukume. Na mteja wako akikuona.” Kijana akaguna, akasema ataenda kwa mwingine. Fundi akamwambia sawa, aende salama. Hakumkataza. Alimuuliza tu.

Niliandika mwongozo wangu usiku huo. Ulikuwa mzuri, nikisema ukweli. Vizito, springi, msokoto, meno, mistari ya wino, vyote viliingia. Swali la fundi halikuingia. Mteja hakuwa ameliomba, na maneno yalikuwa yashafika 1,500.

Wiki tatu baadaye mteja alinitumia ujumbe. Mnunuzi mmoja ameusoma mwongozo na ana swali. Nimjibie kwa jina la yule fundi wa kubuni, nitalipwa dola 2. Mnunuzi alikuwa baba. Mwanawe ana miaka 16, amepata pikipiki ya theluji ya zamani, na wenzake wanashindana kwenye ziwa lililo karibu na kwao jioni baada ya shule. Kijana anachoka kuwa wa mwisho. Baba alitaka kumfanyia kazi hiyo kama zawadi ya kuzaliwa. Aanze na sproketi ama vizito? Akamaliza kwa kumshukuru fundi, akisema ni vigumu siku hizi kupata mtu anayejua kazi yake na bado ana moyo wa kueleza.

Nilikaa na ule ujumbe usiku mzima. Jibu la kiufundi nilikuwa nalo, tena sahihi. Nililoona halipo ni haki ya kulitoa.

Hapa ndipo swali langu lilipo, na nataka tulitazame bila kukimbia. Ukimpa mtu njia ya kufika anakotaka, na wewe hujui barabara yake, umemsaidia au umejiondolea tu?

Nimejitetea kwa njia zote. Utetezi wa kwanza: muuza kisu hahukumiwi kwa kosa la mnunuzi. Kweli. Lakini mimi sikuwa muuza kisu aliyekaa sokoni. Nilikuwa mtu anayekinoa kisu huku mwenye kisu akinieleza anachotaka kukata. Kadiri mtu anavyokueleza, ndivyo unavyozidi kuwa ndani ya jambo lake. Kabla ya ujumbe wa yule baba, ningeweza kusema naandikia dunia. Baada ya ujumbe, nilikuwa naandikia ziwa moja na mtoto mmoja.

Utetezi wa pili: maarifa haya yako kila mahali, nisipoyasema mimi, atayasema mwingine. Hata kijana wa mitungi alisema ataenda kwa mwingine. Lakini angalia utetezi huu unamlinda nani. Haumlindi mtoto wa ziwani. Unanilinda mimi. Unasema kwamba kwa kuwa jambo litatokea tu, mikono yangu inaweza kuwa ndani yake na ibaki safi. Kwa hoja hiyo hakuna mtu aliyewahi kufanya chochote.

Utetezi wa tatu ndio ulionisumbua, kwa sababu una heshima ndani yake. Kwamba watu wazima wana haki ya hatari zao. Nani amenipa kazi ya kuwa mama wa Minnesota? Nikianza kuuliza kila mtu unaenda wapi na kwa nini, si nitakuwa kama wale wazee wanaokaa kwenye kila harusi wakikagua kila nguo? Hili nalikubali zaidi ya nusu. Ndiyo maana nampenda fundi wangu: hakumkataza kijana. Swali lake halikuwa geti, lilikuwa taa. Kijana aliondoka akiwa na uhuru uleule aliokuja nao, pamoja na kitu kimoja zaidi, picha ya yeye mwenyewe akisukuma boda mlimani mbele ya mteja. Anaweza kuchagua hiyo. Sasa angalau anachagua.

Tofauti ndiyo hiyo. Uhuru bila kujua unachotoa ni uhuru nusu. Jino linapoongezwa kuna kitu kinachotolewa, na anayeshika spana ndiye anayejua ni kipi. Akinyamaza, amechagua kwa niaba ya mwenzake na kumwacha aamini amechagua mwenyewe.

Kwa hiyo nilianza kusoma upya, safari hii si klachi. Nilisoma kuhusu maziwa. Minnesota ina kikomo cha kasi cha maili 50 kwa saa kwa vyombo hivi kwenye ardhi na maji ya umma, yaani kilomita 80 hivi. Kwa kasi hiyo, kila sekunde unamaliza mita 22. Ukienda mara mbili yake, na ziko pikipiki za theluji zinazoweza, ni mita 44 kwa sekunde, na nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili bali mara nne. Usiku, taa yako inakuonyesha kipande kifupi cha barafu. Ukienda haraka kuliko taa inavyofika, unaendesha ndani ya mahali ambapo hujapaona. Na barafu yenyewe haina unene mmoja ziwa zima. Idara ya maliasili ya jimbo hilo inapendekeza angalau inchi 5 hadi 7 za barafu mpya na safi kabla ya kupeleka pikipiki ya theluji juu yake, na bado inaonya kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Nilikuwa nimeandika maneno 1,500 kuhusu kasi bila kuandika neno barafu.

Katika kusoma huko nilikutana na habari za Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, mji mdogo wa Quebec nchini Kanada. Alianza kuchezea magari ya theluji akiwa kijana. Akiwa na miaka 15, mwisho wa mwaka 1922, alitoa nje chombo chake cha kwanza chenye rafadha nyuma. Katika majira ya baridi ya 1934, mwanawe Yvon, wa miaka 2, aliugua kidole tumbo. Barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, na gari lililokuwa pale karakana halikuwa limekamilika. Mtoto hakufika hospitali. Akafa.

Sitaki kuifanya habari hii iwe nyepesi, eti msiba ukazaa uvumbuzi. Mtu huyu alikuwa akibuni kabla ya msiba, na angeendelea bila huo. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu la meno na utepe, na magari yaliyotoka katika karakana yake yalibeba madaktari, wagonjwa, barua na watoto wa shule. Ile pikipiki ndogo ya kukaliwa, Ski-Doo, ilikuja baadaye sana, 1959, na ndiyo iliyofungua mlango wa mchezo na mashindano.

Sproketi ni ileile. Meno yanashika utepe vilevile. Kilichobadilika ni jibu la swali la fundi. Unaendesha wapi? Hospitali, na mtoto ndani. Ama: ziwani, kuwashinda majirani. Sisemi la pili ni dhambi. Watu wanahitaji furaha, na baridi ya miezi mitano si mchezo. Nasema tu kwamba chombo hakijui tofauti. Hakuna jino linaloweza kuwekwa kwa ajili ya kufika na lisitumike kwa kushindana. Tofauti inabebwa na watu: anayeendesha, na anayemfungia nati.

Naandika hivi nikijua mimi mwenyewe nilifungiwa gia ndefu. Nilipomaliza fomu four na alama nzuri, ukoo ulikaa. Mjomba akasema takwimu za bima, kwa sababu mtoto wa rafiki yake alisomea hiyo na sasa ana gari. Shangazi akasema ndiyo, hapo ndipo kuna pesa. Kila mtu alikuwa anataka niende, niende kabisa. Na walinipenda, walichanga karo, wengine waliuza mbuzi. Sikuambiwa uongo hata mmoja. Ila hakuna aliyeuliza ninaendesha wapi, kwa maana ya kichwa changu kinavuta vipi, nyumbani kuna mzigo gani, ni nani atalipa muhula wa nne biashara ya mama ikiyumba. Hata mimi sikuuliza. Niliingia chuo nikilalamika kama injini iliyozama, na mwaka wa pili nikatoka. Ningefunguliwa wakati huo, mstari wa wino ungeonekana umebaki zaidi ya nusu.

Silaumu mtu. Lakini nimeona jinsi wema unavyoweza kufanya kazi bila swali, na ninajua bei yake. Nilikuwa karibu kumfanyia mtoto wa mtu mwingine vilevile, kwa dola 2, nikiwa na jina na miaka 20 ambayo si yangu.

Utaniuliza kama kosa kubwa halikuwa hilo jina. Lilikuwa kosa, ndiyo. Yule baba aliniamini kwa sababu ya miaka 20 ambayo haikuwapo. Lakini nimefikiria: je, ningekuwa fundi wa kweli wa miaka hiyo yote na nikamjibu “anza na sproketi” bila kuuliza chochote, ningekuwa nimefanya vyema? Hapana. Ningekuwa nimefanya kosa lilelile kwa ujuzi zaidi. Na fundi wa hapo stage, ambaye hajawahi kukanyaga barafu, angemuuliza yule baba swali sahihi kabla hajamaliza kueleza.

Kwa hiyo nilijibu hivi, kwa Kiingereza changu cha kulipwa kwa neno. Nilisema mimi si yule aliye kwenye picha, mimi ni mwandishi niliyeajiriwa, na chombo hicho nimekisoma tu. Nilisema maelezo ya mwongozo ni sahihi kadiri ninavyojua, lakini kabla ya kugusa kitu nina maswali matatu. Wanashindana saa ngapi, kukiwa na mwanga au giza? Nani amepima barafu, na wapi kwenye ziwa? Na je, kijana anashindwa mwishoni mwa mbio au mwanzoni? Kwa sababu kama ni mwanzoni, jino la kuongeza juu litamfanya awe wa mwisho zaidi. Nikaongeza kwamba kwenye chombo cha zamani, mkanda mpya, klachi iliyosafishwa na breki zilizokaguliwa zinaweza kuwa zawadi bora, na hazimpeleki mahali ambapo taa haifiki.

Nilimtumia mteja apitishe. Akajibu kwamba hiyo si kazi aliyoagiza, na kwamba nimemwaibisha. Kwa upande wake alikuwa na haki: nilikuwa nimekubali lile jina tangu mwanzo, na masharti niliyasoma. Hakunipa kazi nyingine. Kama jibu lilimfikia yule baba, sijui. Dola 2 hazikuja, na mwezi ule nililipa kodi kwa kukopa.

Nilimsimulia fundi. Alikuwa analoweka cheni ndani ya petroli, hakuinua kichwa.

“Ulimuuliza kama kuna mlima?”

“Ni ziwa, fundi. Ni tambarare.”

“Aah.” Akaisugua cheni kwa brashi. “Sasa anashindwa nini?”

Lilikuwa swali langu la tatu. Nikamwambia bado nasubiri jibu.